Kisiki cha mwembe Kinyerezi: nikitoe masika haya au nisubiri kiangazi? Mafundi watatu, majibu matatu

Mwenye Kiwanja
Machi 17, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za majukumu.

Nina kisiki kinaninyima usingizi. Kiwanja kipo Kinyerezi, kwenye mteremko. Juu ni mchanga kama futi moja, ukishuka unakutana na udongo wa mfinyanzi mwekundu. Mwembe wenyewe tuliukuta ukiwa mkubwa, watu wawili walikuwa wanashikana mikono ndiyo wanauzunguka. Mei 2024 tulipotangaziwa Kimbunga Hidaya, mke wangu akasema halali chini ya lile tawi lililoinamia bati. Nikaita vijana wa cheni soo, wakauangusha siku hiyohiyo. Hidaya yenyewe ikaishia Mafia imechoka, huku kwangu mwembe ndio umeshaenda. Ulikuwa wa dodo. Majirani mpaka leo wamenuna.

Vijana walikata sawa na ardhi wakasema "bosi, pasafi". Sasa nataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha na msingi unapita juu yake.

Fundi wa kwanza: subiri Juni. Wa pili: toa sasa hivi ardhi ikiwa laini, ukingoja jua utavunja sururu. Wa tatu anasema kuchimba ni kujitesa, tia mkaa uchome. Mvua zimeshaanza kunyemelea. Nani mkweli hapa? Naomba waliowahi kutoa kisiki hapahapa Dar, siyo walioangalia video.

Pasua Anga
Machi 17, saa 2:58 usiku

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

Sururu Butu
Machi 17, saa 4:15 usiku

Mleta mada, hawajakudanganya hao. Kila mmoja kakujibu kwa udongo aliouzoea yeye. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nne sasa, na mtu akinipigia simu swali langu la kwanza siyo mti gani. Namuuliza anakaa wapi.

Mtu wa Kigamboni au Mbezi Beach ana mchanga. Mchanga haugandi hata jua la Februari likiwaka vipi, kwa hiyo kiangazi hakimtishi. Adui yake ni masika. Unachimba mita moja, maji yanachipuka chini, kuta za shimo zinamomonyoka, unachotoa kwa chepe kinarudi chenyewe. Na mchanga uliokauka kabisa nao unateleza kama sukari. Unaotulia ni ule wenye unyevu kidogo.

Mtu wa Msasani mwenye matumbawe chini, huyo mzizi umepenya kwenye nyufa za mwamba. Msimu wowote ni mtaimbo na nyundo tu.

Wewe wa mfinyanzi ndiye mwenye shida ya kalenda. Januari na Februari, kaskazi inavuma na vuli imeshasahaulika, mfinyanzi ni tofali. Sururu inaruka na kukurudia usoni. Aprili ni kinyume chake: udongo unang'ang'ania chepe, kila unachonyanyua kina uzito mara mbili, nusu ya siku mnakwangua vyombo. Halafu mfinyanzi haunywi maji haraka, shimo lako linakuwa tangi. Kibarua yupo ndani mpaka magotini anatafuta mzizi kwa kupapasa na shoka mkononi. Nimeshaona mtu anakosa kidole cha mguu kwa mtindo huo.

Unachohitaji ni udongo uliokunywa ukashiba, kisha ukaachiwa upumue. Hapa mjini hiyo ni mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Juni, masika yakiwa yamekatika. Usifuate tarehe lakini, pima kwa mkono. Chimba mpaka urefu wa kiwiko, chota donge, liviringishe kwenye kiganja mpaka liwe jembamba kama sigara. Likiviringika bila kukatika, bado ni bichi, kalale. Likianza kukatika vipandevipande huku bado lina ubaridi, ita vijana kesho asubuhi. Ukishindwa hata kuliviringisha, limekuwa gumu au unga, umechelewa.

Na waliokukatia sawa na ardhi wamekuhujumu, ila hilo tutalizungumza.

Bi Kirembo
Machi 17, saa 4:31 usiku

Fundi wako wa pili ananikumbusha wa kwangu. "Ardhi laini mama, siku moja tu." Tabata hiyo, Aprili, mjohoro uliokuwa umekaa kama hatua tatu kutoka kwenye ukuta wa jirani. Wakachimba upande mmoja, jioni wakaenda zao na shimo likaachwa wazi. Usiku mvua ikapiga. Saa tisa nasikia kishindo, nikajua wezi. Kumbe ukuta wa jirani, tofali zote na wembe wa juu, umelala ndani ya shimo langu.

Kwa kweli kisiki kilitoka bila gharama kubwa. Ukuta ndio ulionimaliza.

Kaka wa Mtaa wa Pili
Machi 18, saa 1:05 asubuhi

Hivi nyie mnachimba mnatafuta nini? Kisiki kinachomwa. Gunia moja la mkaa, tundu katikati, bati juu lishike joto, siku tatu unabaki na majivu. Babu yangu kule Rufiji alisafisha shamba zima hivyo.

Sururu Butu
Machi 18, saa 1:40 asubuhi

Shamba la Rufiji lilikuwa na bomba la plastiki chini yake? Lilikuwa na shimo la choo? Jirani alikuwa ameanika nguo mita mbili?

Siupingi moto. Lakini moto unataka kisiki kikavu, na mti mkavu wa Dar unaupata Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Masika hii mleta mada atateketeza magunia manne kukausha maji tu, juu patakuwa mkaa na chini ya ardhi mzizi umelala mbichi kama jana. Na msingi wake unataka patupu mpaka chini, siyo juu peke yake.

Jambo lingine ambalo watu hawalioni: kiangazi kikali mzizi uliokauka unafuka chinichini kama sigara. Juu umemwaga maji, umelala, kesho kutwa moshi unatokea mita tatu mbele. Kuna nyumba moja nilikuta moto umefuata mzizi mpaka kwenye bomba la maji, limeyeyuka kama mshumaa. Mwenye nyumba aligundua kwa bili.

Kaka wa Mtaa wa Pili
Machi 18, saa 1:52 asubuhi

Sawa mkuu, la bomba sikuliwaza.

Shamba Darasa
Machi 18, saa 7:20 mchana

Niongeze kidogo kwa upande wa kuozesha, maana kuna watakaousoma uzi huu bila haraka ya kujenga.

Kinachokula kisiki ni kuvu, ile familia ya uyoga. Kuvu anataka vitu vitatu kwa pamoja: unyevu, joto na hewa. Joto la Dar linamfaa mwaka mzima, hatuna miezi ya baridi ya kumsimamisha. Unyevu analetewa na masika na vuli. Ndiyo maana kisiki cha hapa kinalegea haraka kuliko cha nchi za baridi. Shida ni hewa. Kisiki kilichozama kwenye maji yaliyotuama hakiozi vizuri, kwa sababu kuvu anakosa pumzi. Wenye viwanja vya bondeni wanashangaa masika matatu yamepita na kisiki bado kigumu. Wachimbe mfereji maji yatoke kwanza.

Njia ni hii. Toboa matundu kwa keekee kiangazi, wakati mti hautoi tope kwenye ncha. Yawe na kina cha shubiri, mengi, yakaribiane. Vuli ikikaribia jaza samadi na konzi ya urea, mwagia maji, funika kwa udongo kisha turubai. Kiangazi kikirudi usikiache kikauke, mwagia maji, maana kuvu huwa anasinzia pakikauka. Kwa mwembe wa unene huo usitegemee mwaka mmoja.

Na tafadhali, msiweke chumvi. Najua inashauriwa sana mitaani. Mleta mada anataka kujenga, na chumvi inabaki kwenye udongo inakula nondo.

Bi Kirembo
Machi 18, saa 7:44 mchana

Na mchwa je? Kisiki kinachooza si ni kuwaandalia karamu? Wakimaliza hapo wanapanda kwenye fremu za milango.

Shamba Darasa
Machi 18, saa 8:10 mchana

Hapo huna ubishi na mimi. Ndiyo maana nimesema ni kwa asiyejenga karibu. Kwa anayejenga kuna ubaya mwingine: mzizi ukiisha kuoza unaacha tundu, masika yanayofuata maji yanapita humo na udongo, na sakafu inapasuka ukiwa umeshaingiza mpangaji.

Jogoo la Shamba
Machi 18, saa 3:30 usiku

Mnazungumzia udongo na kuvu, hakuna aliyeuliza kama mwembe una wenyewe. Mti wa umri huo unaangushwa usiku wa kimbunga bila hata kubisha hodi? Pole mkuu, usingizi unaokosa siyo wa kisiki.

Mwenye Kiwanja
Machi 18, saa 3:36 usiku

😂😂 Mke wangu kasoma hii, sasa anataka tuhame.

Mbeba Boksi
Machi 19, saa 12:50 asubuhi

Salamu kutoka Minnesota. Huku visiki havichimbwi, kuna mashine yenye gurudumu la meno inakisaga mpaka chini ya usawa wa majani, dakika chache kazi imekwisha. Lakini hata wao wana kalenda. Masika yao, barafu ikiyeyuka, ardhi inakuwa uji na mashine inachimba mifereji kwenye bustani ya mtu. Wengi wanapenda mwisho wa kiangazi na mwanzo wa majira ya majani kupukutika. Kuna wanaofanya hata baridi kali, wanasema ardhi ikiganda mashine haizami, ila meno yanalika kwa kukwangua udongo mgumu kama zege.

Nimecheka, maana huyo anayeogopa ardhi ngumu ya Januari yupo huku na yupo Kinyerezi. Mmoja barafu, mmoja jua.

Mtu wa Mjimwema
Machi 19, saa 2:15 asubuhi

Naomba kudandia. Mimi nina visiki vya minazi vitano, kwenye mchanga. Nifuate hayohayo?

Sururu Butu
Machi 19, saa 3:00 asubuhi

Mnazi hauna mzizi mkuu. Una nyuzi maelfu, nyembamba kama kidole, zinatoka kwenye kitako kimoja. Haujui kuchipua tena ukishakatwa kichwa. Kwenye mchanga, Juni hiyohiyo, vijana wawili wanauzunguka kwa sururu unatoka kama jino bovu. Usiviache tu vioze mpaka masika mengine kama bado una minazi hai karibu. Kisiki cha mnazi kikilainika chonga anataga humo, yule mdudu mweusi mwenye pembe, na watoto wake wakikua wanahamia kwenye vichwa vya minazi mizima.

Mwenye Kiwanja
Aprili 12, saa 1:10 usiku

Wakuu, nimerudi kukiri kosa.

Wiki iliyopita jua liliwaka siku nne mfululizo. Nikasema hawa jamaa wa mtandaoni wanaogopa sana, ngoja nianze taratibu, nizungushe mfereji tu niione mizizi. Tukachimba mpaka kiunoni upande wa chini wa mteremko. Usiku wa tano mvua. Sasa nina bwawa. Maji yote ya uwanja wa juu yameshukia humo, siku ya sita leo hayajapungua hata inchi mbili. Nimeanza kuona viluwiluwi vya mbu vinacheza. Watoto wa mtaani wamekuja na ndoano.

Pasua Anga
Aprili 12, saa 1:14 usiku

Weka sato mkuu, vyumba vya kupangisha baadaye.

Bi Kirembo
Aprili 12, saa 1:30 usiku

Bwawa ni mzaha mpaka mtoto atumbukie. Zungushia hata miba. Na hayo maji yatoe, hapa mjini tumeshapitia homa ya dengi 2014 na 2019, hatutaki kufuga mbu kwa hiari. Angalia na tundu la katikati ya kisiki, kikombe kidogo cha maji kinawatosha.

Sururu Butu
Aprili 12, saa 2:05 usiku

Pole. Jua la siku nne linakausha juu tu, chini bado ni uji. Fanya hivi: chimba mfereji mwembamba upande wa juu wa mteremko, maji yageuke yapite kando. Vuta hayo ya ndani kwa pampu au ndoo. Shimo usilifukie na matope yake, utakuwa umetengeneza kinamasi. Tandika turubai juu, bana kwa tofali, uliache mpaka masika yaondoke. Na kisiki chenyewe kikitoa machipukizi, yakate. Mwembe mzee ni mvivu wa kuchipua lakini siyo kwamba hawezi.

Mwenye Kiwanja
Juni 9, saa 3:20 usiku

Mrejesho.

Mvua zilikatika. Kila Jumapili nilikuwa naviringisha udongo kama mtoto anayechezea matope, mke wangu ananiangalia dirishani. Mei 24 bado uliviringika mpaka wembamba wa kalamu. Mei 31 ukaanza kukatika kwa pembeni. Juni 7 ukakatika safi, vipande vya baridi, mkono hauchafuki. Nikampigia Sururu Butu faragha, akaja mwenyewe na vijana watatu.

Siku ya kwanza walianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tofauti na Aprili ni kama siyo kiwanja kilekile. Udongo unatoka mabonge, chepe linabaki safi, ukuta wa shimo umesimama wima kama umekatwa na kisu. Walizungusha upana wa mita moja pande zote. Kila mzizi mnene waliokutana nao waliumwagia maji na kuusugua kwa brashi ya choo kabla ya kuweka cheni soo. Niliona ni mbwembwe, kumbe mchanga ulioshika kwenye gome unaua mnyororo kwa dakika.

Kijana mmoja alikuwa kifua wazi. Mizizi ya upande mmoja ilikuwa bado hai ikamrushia utomvu, na jasho likausambaza. Jioni mkono umeumuka kama kachomwa na mafuta. Wenye kazi za miembe vaeni mikono mirefu hata kama ni joto.

Siku ya pili ndipo nilipoelewa maneno ya "wamekuhujumu". Kisiki kingeachwa na urefu wa mita moja na nusu juu, tungefunga kamba kileleni tukakiyumbisha kikajivunja chenyewe. Cha kwangu hakina pa kushika. Ikabidi jeki ya Fuso. Walichimba kijumba chini ya mzizi, wakalaza mbao mbili nene, jeki juu yake. Sururu Butu akasema bila mbao jeki ingezama, na kwamba Aprili hata mbao zingezama. Pampu, pampu, mlio kama wa mlango wa zamani, kisha "taa!" mzizi mkuu umekatika chini kule. Watu wa mtaani walikuwa wamejaa ukutani, wakapiga makofi.

Mzizi mmoja umeingia chini ya ukuta wa jirani. Tumeukata hapo hapo mpakani na kuuacha, tumemwambia.

Shamba Darasa
Juni 9, saa 3:41 usiku

Safi sana. Usifukie kwa haraka sasa, kwenye kufukia ndiko wengi wanaharibu.

Mwenye Kiwanja
Juni 9, saa 3:50 usiku

Ndiyo swali langu lililobaki. Udongo uliotoka nimeurundika hapo pembeni.

Sururu Butu
Juni 9, saa 4:12 usiku

Ule wa chini wa mfinyanzi usiurudishe mahali pa msingi, unavimba masika na kusinyaa kiangazi. Leta kifusi kizuri cha moramu. Mwaga tabaka la sentimita 15 mpaka 20, nyunyizia maji kiasi cha kushikana mkononi bila kuchuruzika, shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo tabaka lingine. Usimwage lote kwa mara moja ukasema mvua ya vuli italishindilia. Italishindilia kweli, pamoja na sakafu yako. Na okota vipande vya mizizi vyote, hata vya unene wa kidole gumba.

Umebahatika na wakati. Ukimaliza mwezi huu, msingi unapata Julai, Agosti na Septemba pakavu.

Kaka wa Mtaa wa Pili
Juni 10, saa 1:00 asubuhi

Kisiki chenyewe kiko wapi sasa? Mimi ningekichoma.

Mwenye Kiwanja
Juni 10, saa 1:25 asubuhi

Wewe na moto 😂

Kipo nje ya geti. Wa kirikuu kaja, kakiangalia, kakizunguka mara mbili, kaondoka bila hata kutaja bei. Mchonga vinu wa barabarani kasema kina nyufa. Tangu jana jioni wazee wawili wa mtaa wamekigeuza baraza, wanachezea bao juu yake, na mmoja wao ni yule aliyeninunia kwa ajili ya dodo. Kanisalimia leo.

Anayekitaka aje na watu sita.

Pasua Anga
Juni 10, saa 1:27 asubuhi

Leta picha.